Chukudu Uwanjani, Mpira Mtini: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara Sisi Waamuzi wa Basketi wa Goma

Jumamosi, mechi ya mwisho ikiisha, sisi waamuzi wa hapa Goma, mashariki mwa Kongo, hatukimbilii nyumbani. Tunakaa kwenye ukuta mdogo wa mawe meusi ya volkano, mama wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, anapita na beseni lake, na hapo vitendawili vinaanza. Mmoja anasema "Kitendawili!", wenzake wanaitika "Tega!", naye anatega: mpira uko hewani, taa imezimika, filimbi bado haijalia, unaamuaje? Tunacheka mpaka mbavu zinauma. Lakini tunacheka huku tukitafuta jibu, kwa sababu wiki ijayo jambo lenyewe linaweza kumkuta mmoja wetu mbele ya tereni, yaani uwanja, iliyojaa watu.

Wachezaji, wazazi na watoto wanaotuzunguka nao wanauliza, na maswali ni yaleyale kila msimu. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu. Yote yanafuata sheria za FIBA, shirikisho la basketi la dunia, ambazo ndizo tunazochezea. Ninaposema faulo ndiyo ile tunayoiita fote hapa Goma. Ninaposema ukiukwaji ni kosa la mpira tu, kama kutembea nao au kutoka nje: mpira unapewa wapinzani, na mchezaji haandikiwi chochote.

Mwamuzi akikutana na jambo ambalo halimo kitabuni, anabuni?

Habuni, anaamua. Sheria zenyewe zinampa mwamuzi mkuu wa mechi mamlaka ya kuamua jambo lolote ambalo hazikulitaja. Mamlaka hayo ni mazito, na mimi huyaogopa. Ndiyo maana pale ukutani tuna mazoea: kitendawili kikitegwa, hakuna anayeruhusiwa kujibu kabla ya kuuliza mambo matatu. Mpira ulikuwa wa nani? Ulikuwa wapi? Saa ilisomaje? Ukishayajua hayo, mara nyingi jibu linajileta lenyewe, na unagundua kwamba sheria ililitaja jambo lako tangu zamani, ila wewe hukufika ukurasa huo.

Chukudu ikipita katikati ya uwanja, je?

Wageni wanadhani tunatania. Chukudu, kile chombo chetu cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, ikiwa na magunia ya makaa haina breki za maana, na tereni zetu nyingi hazina uzio. Mimi mwenyewe nimesimamisha mechi kwa chukudu mara mbili, kwa mbuzi sijui mara ngapi, na mara moja kwa mtoto mdogo aliyekuja kumpa kaka yake maji wakati kaka yuko mbioni kwenda kufunga.

Kwanza unapiga filimbi, maana usalama hauna mjadala. Kisha unaangalia mpira. Kama ulikuwa umeshatoka mkononi mwa mfungaji kuelekea kikapuni kabla ya filimbi, haufi: ukiingia, ni pointi. Kama alikuwa bado anaudunda, timu yake inarudishiwa mpira na kuurusha kutoka pembeni, karibu na pale mchezo uliposimama. Pointi za huruma hazipo, hata kama alikuwa peke yake na kikapu kinamsubiri. Hapo ndipo watu hunikasirikia, nami nawaelewa, kwa sababu yule kijana alikuwa amewapita wote. Ila siwezi kumwandikia bao ambalo hakulirusha.

Sasa ile saa ya sekunde 24, inayohesabu muda wa timu kurusha mpira kikapuni, ambayo wengi huikosea. Mchezo ukisimamishwa kwa sababu isiyohusu timu yoyote, na timu iliyokuwa na mpira inaurushia katika nusu yake ya nyuma, ile inayoilinda, saa inaanza upya kwa 24. Ikiwa inaurushia katika nusu ya mbele, unasoma: zimebaki 14 au zaidi, inaendelea pale ilipo, zimebaki 13 au chini, inarudishwa 14. Halafu kuna mlango mmoja umeachwa wazi. Mwamuzi akiona kwamba kuanza upya kutawaonea wapinzani, saa inaendelea kutoka iliposimama. Fikiria wamejilinda vizuri sekunde 22, mshambuliaji amebanwa hana pa kwenda, ndipo mbuzi anaingia. Kumpa 14 mpya ni kumzawadia kwa kazi ya mbuzi. Mimi simpi.

Mpira ukikwama kati ya ringi na ubao, ni wa nani?

Ni wa timu inayoonyeshwa na mshale pale mezani, kwa wanaoandika mechi. Siku hizi mpira wa kurushwa juu kati ya watu wawili upo mwanzoni mwa mechi tu. Baada ya hapo timu zinapokezana zamu, na mshale ndio unaokumbuka zamu ni ya nani. Mshale ukiwapa waliorusha, wanapata sekunde 14. Ukiwapa wapinzani, wanapata 24. Ukikwama kati ya mtupo huru (ule wa adhabu ya faulo, usiozuiwa na mtu) wa kwanza na wa pili, hakuna zamu: unautoa, mtupaji anaendelea na mtupo wake wa pili.

Hiki ndicho kitendawili kikongwe kuliko vyote. James Naismith alipobuni mchezo huu mjini Springfield, Marekani, Desemba 1891, alitundika vikapu vya kubebea matunda, na vikapu hivyo vilikuwa na kitako. Kila mpira ulioingia ulibaki humo, na ilibidi mtu apande kuutoa. Kwa hiyo mtoto anayerusha kiatu kuuangusha mpira uliokwama pale Himbi anafanya kazi ya zamani sana.

Na ukikwama ndani ya wavu?

Hilo ni bao! Watu wanachanganya haya mawili. Sheria inasema mpira hai ukiingia kikapuni kutoka juu na *kubaki humo* au kupita wote, ni bao. Wavu mpya uliobana ukiushika mpira chini ya ringi, pointi zinaandikwa.

Shida yetu kubwa ni kinyume chake, yaani ringi isiyo na wavu. Mpira unapita katikati bila kugusa kitu, hakuna sauti, hakuna kinachotikisika, na nusu ya watazamaji wanaapa kwamba ulipita pembeni. Nimeona ugomvi mkubwa kuliko wa faulo yoyote ukizaliwa hapo. Ndiyo maana mwamuzi aliye karibu na mstari wa mwisho hatakiwi kuufuata mpira kwa macho ya mshabiki; anatakiwa awe amesimama mahali anapoiona ringi tangu mpira ukiwa njiani. Wazazi wanaoniuliza watoe mchango gani kwa timu ya mtaa, jibu langu ni moja kila siku: nunueni nyavu mbili. Jezi zitakuja baadaye.

Mchezaji akifunga kikapu cha timu yake mwenyewe?

Akifunga kwa bahati mbaya, ni pointi 2 kwa wapinzani, na mezani zinaandikwa kwa jina la kapteni wao aliye uwanjani. Kapteni amesimama tu, hata jasho hana, anapata pointi. Pale ukutani tunamwita kapteni wa namna hiyo "mwenye bahati ya mjomba". Akifunga kwa makusudi, bao halihesabiwi na huo ni ukiukwaji.

Mpira ukipita ringi kutoka chini kwenda juu?

Ni ukiukwaji ikiwa mchezaji ndiye aliyeupitisha. Wapinzani wanapewa mpira.

Timu zote mbili zikishambulia upande usio wao baada ya mapumziko, na mwamuzi asigundue?

Usicheke. Inatokea, hasa tukianza kipindi haraka kwa sababu mvua inakuja kutoka ziwani. Mara tu mtu anapogundua, mchezo unasimamishwa bila kuionea timu yoyote, unageuzwa, na unaendelea upande wa pili mahali palepale kana kwamba umeutazama kwenye kioo. Yote yaliyotokea yanabaki: pointi, faulo, muda. Watu wanataka tufute kila kitu na kuanza kipindi upya, lakini ukishafuta pointi za kweli zilizofungwa na vijana waliotoka jasho, umewaibia kwa kosa ambalo ni letu sisi wenye filimbi. Siku iliyonikuta mimi, mzee mmoja muuza maziwa ndiye aliyeniambia. Nilimshukuru mbele ya watu wote.

Wachezaji sita wakiingia uwanjani?

Saa ikiwa inatembea na jambo likagundulika, mmoja lazima atoke mara moja, na kocha anaandikiwa faulo ya ufundi, yaani kosa la mwenendo lisilo la kugusana miili. Wapinzani wanapata mtupo huru mmoja. Pointi zilizofungwa wakiwa sita zinabaki. Najua hilo linauma! Ndiyo maana waamuzi wanaohesabu wachezaji kwa kidole kabla ya kutoa mpira hawapotezi muda, tafadhali msiwazomee.

Timu kutoka Bukavu ikichelewa na boti?

Ziwa Kivu lina mambo yake, upepo ukiamka boti hazina haraka. Sheria inataka wachezaji 5 walio tayari. Saa ya mechi ikifika hawapo, wanasubiriwa dakika 15. Zikipita, mechi imepotea 20 kwa 0, na timu hiyo haipati hata pointi moja kwenye msimamo, wakati timu iliyocheza ikashindwa inapata 1.

Nimewahi kuwaona wanne wamefika, wa tano yuko juu ya pikipiki, na motari anapiga honi kuanzia mbali huku tereni nzima ikihesabu sekunde kwa sauti. Aliruka kabla pikipiki haijasimama. Wenyeji ndio waliompigia makofi kwanza, na mechi ile ilikuwa nzuri kuliko zote za mwaka ule.

Na wachezaji wakiisha katikati ya mechi?

Mchezaji mwenye faulo 5 anatoka na harudi. Kikosi kikiwa kidogo, wanaweza kubaki wanne, watatu, hata wawili, na mchezo unaendelea. Akibaki mmoja, mechi imekwisha, kwa sababu hata kurusha mpira kutoka nje anahitaji mtu wa kumpokea. Kama wapinzani walikuwa wanaongoza, matokeo yanabaki yalivyo. Kama hawakuwa wanaongoza, yanaandikwa 2 kwa 0 kwa faida yao.

Kutikisa kidole kama Mutombo ni faulo?

Swali hili linaulizwa na kila mtoto wa miaka kumi, na nalipenda. Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, alichaguliwa mara 4 kuwa mlinzi bora wa mwaka wa NBA, ligi kuu ya Marekani, na kila alipozuia mpira alitikisa kidole: hapana, si katika nyumba yangu. Alifariki tarehe 30 Septemba 2024, na wiki ile hapa Goma watoto walikuwa wanatikisa vidole hadi shuleni.

Jibu la sheria: kumdhihaki au kumchokoza mpinzani ni faulo ya ufundi. Mutombo mwenyewe alipigiwa faulo hizo kwa sababu ya kidole chake, ndipo akawa anawageukia watazamaji na kuwatikisia wao. Mimi ninafuata njia hiyohiyo. Ukimwekea mpinzani kidole usoni, nitapiga filimbi. Ukiwageukia mama zako walioketi kwenye mawe, nitatazama mpira.

Mlinzi akimpigia kelele anayetupa mpira kikapuni?

Akipiga kelele kubwa, akikanyaga chini kwa kishindo, akipiga makofi karibu naye, au akimpungia mkono mbele ya macho, mwamuzi anatazama kama mtupaji ameathirika. Ameathirika: faulo ya ufundi. Mpira umeingia hata hivyo: onyo linatosha. Kelele za watazamaji ni jambo jingine kabisa, hizo hatuna filimbi nazo. Wala bata wa jirani.

Naweza kumbeba mwenzangu ili afunge?

Ndugu wawili walilijaribu hili, mkubwa alimshika mdogo kiunoni, akamwinua, na mdogo akaudumbukiza mpira kwa mikono miwili. Ringi iko mita 3.05 kutoka chini. Yule mtoto hajawahi kuiona kwa karibu namna ile. Tereni ililipuka kwa shangwe. Mimi nikapiga filimbi, na moyo ukaniuma kweli. Bao halihesabiwi, na aliyembeba anaandikiwa faulo ya ufundi. Kimo cha mchezaji ni chake na mruko wake.

Kuficha mpira katikati ya mapaja ili kumdanganya mlinzi?

Ukiwa umemaliza kudunda, ukauweka mpira kati ya miguu ili ujifanye unatoa pasi, ni ukiukwaji. Mguu haushiki mpira kwa makusudi. Mpira ukikugonga mguu bila wewe kutaka, endelea kucheza.

Uwanja umelowa, mchezaji kateleza na mpira mkononi mita mbili. Ametembea?

Hapana! Hapa tereni nzima huwa inapiga kelele na tereni nzima huwa imekosea. Kuanguka na kuteleza na mpira ni halali. Kuudaka ukiwa umekaa au umelala ni halali pia. Ukiukwaji unakuja akibingirika nao, au akijaribu kusimama akiwa bado anaushika. Akiwa chini ana njia tatu: atoe pasi, atupe, au audunde.

Mpira ukimgonga mwamuzi?

Chukulia umegonga sakafu pale alipo. Akiwa ndani ya uwanja, mchezo unaendelea, hata kama pasi imeharibika kwa ajili ya tumbo langu. Akiwa amekanyaga mstari au yuko nje, mpira umetoka.

Damu? Shanga? Kilemba?

Anayetoka damu anabadilishwa, na anarudi damu ikikoma na jeraha likifunikwa vizuri. Mapambo ya kuumiza, na vibanio vigumu vya nywele, vinavuliwa. Kwa dada zetu wenye shanga ngumu kwenye misuko, tunaomba mje mapema tuongee kabla ya mechi, tusiaibishane mbele za watu. Kilemba na hijabu vinaruhusiwa tangu Oktoba 2017, viwe vya rangi moja kwa timu nzima, visifunike uso, na visiwe na kitu kinachoweza kumjeruhi mtu. Bado kuna watu wanawazuia wasichana wetu kwa kanuni ya kabla ya mwaka huo. Tafadhali waacheni wacheze.

Mapacha wanaofanana, aliyefanyiwa faulo ni huyu, aliyetupa mitupo huru ni yule.

Kitendawili tunachokipenda kuliko vyote, maana kilitokea. Mapacha wale walivaa 8 na 9, nyuso moja, sauti moja, hata mwendo mmoja. Aliyepigwa mkono alikuwa 8, asiyejua kutupa. Aliyekwenda mstarini kwa utulivu wote alikuwa 9, na akaingiza yote miwili.

Hili ni miongoni mwa makosa machache ambayo sheria inaruhusu kuyarekebisha. Mtu asiye sahihi akitupa, mitupo inafutwa, na wapinzani wanapewa mpira kuurusha kutoka pembeni, usawa wa mstari wa mitupo huru. Lakini muda wa kurekebisha ni mfupi. Baada ya kosa, saa ya mechi ikianza kutembea, kisha mpira ukafa (mchezo ukasimama) mara ya kwanza, lazima jambo liwe limegundulika kabla mpira haujawa hai tena. Ukipita hapo, pointi zimekaa. Siku ile msichana wa mezani aliona namba 9, akakumbuka kwamba nilionyesha 8 kwa vidole, akaniita kwa wakati. Watu humsahau anayeandika mezani. Mimi nikipanga waamuzi, humpanga yeye kwanza.

Basi kile cha taa kuzimika mpira ukiwa hewani, jibu lake ni lipi?

Tumebishana kwa misimu mitatu. Kwa upande mmoja, mpira uliotoka mkononi kabla ya filimbi uko hai, na ukiingia ni bao. Kwa upande mwingine, giza la Goma usiku wa mawingu ni giza kweli, huoni hata mkono wako, na wote tulisikia tu ringi ikilia "ng'aa".

Mwenzangu mmoja anasema sauti ya ringi na kimya kilichofuata vinatosha. Mimi nasema siwezi kuandika pointi ambayo macho yangu hayakuiona, wala ya mwamuzi wa pili, wala ya mezani. Jenereta likiwaka, naitazama saa ya akiba ya mezani, naurudisha mpira kwa waliokuwa nao, na tunaendelea. Lakini kukiwa na mwanga wa mwezi, au taa ya pikipiki imeelekea kwenye ubao, na mmoja wetu ameuona mpira ukiwa ndani chini ya ringi, basi ni bao, na nitalitetea mbele ya kocha yeyote. Mwenzangu hajakubali. Jumamosi ijayo ataleta hoja mpya, namjua.

Papa arbitri, mpira ukikwama kwenye mti wa avoka?

Umetoka nje, mwanangu, hata kama tawi linaning'inia juu ya uwanja. Kitu chochote kilicho juu ya uwanja kikiguswa na mpira, mpira umetoka, na unapewa timu ambayo haikuugusa mwisho. Nani apande kuuteremsha, sheria haisemi. Hapa kwetu anapanda aliyeurusha, na avoka atakazoshuka nazo zinagawanywa sawa kwa timu zote mbili.